Uzi: Sanamu kubwa ya Yesu kando ya barabara kuu ya I-75, Ohio: ya kwanza iliteketezwa na radi, ya pili ipo hadi leo

Dereva wa Dayton:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Yeyote anayeendesha gari kati ya Dayton na Cincinnati kwa barabara kuu ya I-75 hupita mahali ambapo, kwa muda usiofika hata nusu dakika, Yesu mkubwa mweupe humnyooshea mikono kutoka ukingoni mwa barabara. Yupo karibu na njia ya kutokea namba 29, katika eneo la Monroe, mbele ya kanisa la Solid Rock. Nimezoea kupita pale nikiwa na lori, na lori halisimamishwi mahali kwa sababu tu dereva amependezwa na kitu, kwa hiyo nilikuwa nikiifahamu sanamu ile kama nijuavyo madaraja na vituo vya mafuta. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Moshi, aliiona akiwa kwenye kiti cha mbele, akaniuliza kama watu huruhusiwa kushuka. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukaenda kwa gari dogo.

Kabla ya kusema tulichokiona, nieleze kwanza historia yake, kwa sababu iliyopo sasa haieleweki vizuri bila ile iliyoitangulia. Sanamu ya kwanza, iliyopewa jina la Mfalme wa Wafalme, ilikamilika mwaka 2004. Ilikuwa na kimo cha futi 62, yaani karibu mita 19, na kimo hicho chote kilikuwa cha nusu ya mwili tu: kifua, kichwa kilichoinuliwa kuelekea mbinguni, na mikono miwili iliyopandishwa juu moja kwa moja, kana kwamba mtu huyo anachomoza kutoka ndani ya bwawa la maji lililokuwa mbele yake. Wamarekani wana mchezo wao wa mpira unaochezwa kwa mikono, na timu inapofunga, mwamuzi huinua mikono yote miwili namna hiyohiyo. Haikuchukua muda madereva wakaibatiza jina la Touchdown Jesus, yaani Yesu anayeashiria bao. Jina hilo lilikuwa tayari likitumika kwa picha kubwa ya ukutani iliyoko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, tangu miaka ya 1960, lakini huku Ohio lilishika zaidi kwa sababu sanamu ilikuwa njiani, na kila mtu aliiona apende asipende. Wengine walisema rangi yake inafanana na siagi, wakaiita kwa jina la siagi. Kanisa halikuonekana kukasirika.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2010 mvua ya radi ilipita, radi ikaipiga sanamu, nayo ikashika moto. Ndani yake kulikuwa na kiunzi cha chuma, na juu ya chuma hicho kulikuwa na povu jepesi na faibaglasi, vitu ambavyo moto huvipenda mno. Kulipopambazuka, kilichobaki ni chuma cheusi chenye umbo la mtu aliyeinua mikono. Ukumbi wa maonyesho uliokuwa jirani uliharibika pia, na hasara yote ilikadiriwa kuwa dola laki saba hivi. Upande wa pili wa barabara kuu palikuwa na duka kubwa la bidhaa za watu wazima, ambalo halikuguswa na cheche hata moja, na unaweza kufikiria mwenyewe mizaha iliyofuata, pamoja na mahubiri ya wale walioona kwamba Mungu mwenyewe ametoa hukumu juu ya sanamu za kuchonga.

Kanisa likaamua kujenga upya. Safari hii kazi alipewa Tom Tsuchiya, mchongaji wa Cincinnati, na Septemba 2012 ikasimamishwa sanamu mpya iitwayo Lux Mundi, kwa maana ya Nuru ya Ulimwengu, kutoka Injili ya Yohana 8:12. Kimo chake ni futi 52, karibu mita 16, pungufu ya ile ya zamani, lakini ni ya mwili mzima. Anaonekana akipiga hatua kuja mbele, na mikono haiko juu tena. Imenyooshwa mbele kwa chini kidogo, kama mwenyeji anayemlaki mgeni mlangoni. Majina ya utani hayakukosekana hata hapo: watu wanamwita Yesu wa Nikumbatie.

Sasa, ukishuka garini, jambo la kwanza linalokupata ni kelele. Barabara kuu ipo pale pale mbele yako, na matairi ya malori hayanyamazi. Hakuna lango, hakuna tiketi, na siku ile hatukumwona mtu wa kutuuliza tunatafuta nini, jambo lililomshangaza mama mkwe, kwa kuwa alikwisha kutoa pochi akitafuta pa kulipia kiingilio. Jambo la pili ni kwamba sanamu haizidi kupendeza kadiri unavyoisogelea. Mikunjo ya kanzu ni mipana na michache, uso hauna vitu vidogo vidogo vya kuchunguza, na vidole ni vinene. Ukiwa karibu yake unaona miguu na kidevu. Uso wenyewe unaangalia barabara, kwa hiyo ukitaka kuuona vizuri inakubidi urudi nyuma, na kila hatua unayorudi nyuma inakupeleka barabarani. Mama mkwe alitaka picha itakayoonyesha kama anakumbatiwa, na mke wangu alilazimika kurudi nyuma sana kwenye majani ndipo mikono yote miwili ikaingia kwenye picha, na mama akabaki mdogo kama kidole gumba.

Hapo ndipo nilipofikia hoja ninayotaka tuijadili. Kwa mwendo wa maili 65 kwa saa gari hupita karibu mita 29 kila sekunde. Kitu kilichokusudiwa kuonekana kwa sekunde kumi na tano au ishirini na mtu ambaye nusu ya akili yake iko kwenye gari la mbele hakiwezi kuchongwa kama kitu cha kutazamwa kwa saa nzima. Kinatakiwa kiwe kikubwa, kiwe na rangi moja, na kiwe na ishara moja tu ya mikono. Kwa maoni yangu, sanamu hii ni ya barabara kwanza, ndipo inakuwa ya kanisa, na wanaoihukumu kama kazi ya sanaa, sawa na wanaoihukumu kama mungu wa kuabudiwa, wanaipima kwa kipimo kisicho chake. Ningependa kusikia mawazo yenu, hasa walioziona nyingine za aina hii mahali pengine.

---

Shemasi wa Njombe:

Ndugu Dereva, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Hata hivyo, sikubaliani nawe unapoliweka suala la ibada pembeni kwa wepesi hivyo. Amri iliyoko Kutoka 20:4 haikusema kwamba sanamu inaruhusiwa ikiwa iko kando ya barabara. Sisi tuliolelewa katika makanisa yasiyo na sanamu tunajua jinsi mambo haya yanavyoanza: leo ni alama, kesho ni mahali pa kupiga picha, keshokutwa mtu anaacha shada la maua na karatasi ya maombi. Je, hamkukuta maua?

---

Dereva wa Dayton:

Shemasi, hatukukuta maua wala mishumaa, na sikumwona mtu aliyepiga magoti. Niliowaona ni familia moja iliyokuwa ikipiga picha kama sisi, na kijana mmoja aliyekuwa akila chakula chake ndani ya gari akiwa ameielekea sanamu, labda kwa sababu ya kivuli.

Kuhusu Maandiko, wewe ni mjuzi kuliko mimi, lakini hicho kitabu cha Kutoka, sura ya 25, kinaagiza makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na katika Hesabu 21 Musa anatengeneza nyoka wa shaba kwa kuagizwa. Kwa hiyo kutengeneza umbo peke yake hakujawa kosa. Nakubali pia kwamba nyoka yuleyule alikuja kuvunjwa na mfalme Hezekia, 2 Wafalme 18:4, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Ninachosema ni kwamba pale Monroe uvumba haupo, na sidhani utakuja, maana hakuna anayekaa pale kwa muda wa kutosha kuuwasha.

---

Shemasi wa Njombe:

Mfano wa Hezekia umenifurahisha, ingawa umeutumia kunijibu mimi mwenyewe. Nitabaki na msimamo wangu, ila nakiri kwamba uvivu wa kushuka garini unaweza kuwa kinga ya imani ambayo wachungaji hatukuifikiria.

---

Fundi Umeme Kinondoni:

Wakuu, naomba niongeze upande wa ufundi, kwa sababu habari ya radi inasimuliwa mno kama muujiza au adhabu, wakati maelezo yake ni ya kawaida.

Radi hutafuta njia fupi ya kufika ardhini, na kitu kirefu kilichosimama peke yake mahali tambarare huitengenezea njia hiyo. Joto la hewa ndani ya mkondo wa radi linaweza kufika nyuzi 30,000 za Selsiasi kwa muda mfupi sana, zaidi ya mara tano ya joto lililoko kwenye uso wa jua. Chuma kikiwa kimeunganishwa vizuri na ardhi, umeme ule hupita ukaenda zake, na chuma hakidhuriki sana. Ndiyo maana mnaambiwa kiunzi kilibaki kimesimama. Tatizo ni kile kilichokizunguka chuma. Lile povu jeupe, la aina inayofungashiwa televisheni ili isivunjike, huanza kulegea kwenye joto la nyuzi mia moja tu, kisha huyeyuka na kuwaka kwa moshi mweusi. Ukilipaka faibaglasi juu, unakuwa umelifungia ndani ya ganda ambalo nalo linawaka. Moto ukishika mahali pamoja, zima moto watafika kuhesabu hasara.

Kinga radi inayofaa ina sehemu tatu, nazo ni ncha ya chuma iliyo juu kuliko kila kitu, waya mnene wa shaba unaoteremka upande wa nje bila kona kali, na ethi, yaani chuma cha kupeleka umeme ardhini, iliyozikwa vizuri kwenye udongo wenye unyevu. Pamoja na hayo, mtu asidhani kinga radi ni hirizi. Sanamu ya Kristo Mkombozi ya Rio de Janeiro, iliyozinduliwa mwaka 1931, ina vifaa vya kinga radi, na bado Januari 2014 radi iliikata ncha ya kidole gumba. Tofauti ni kwamba ile ni ya zege iliyofunikwa vipande vidogo vya jiwe, kwa hiyo ilipoteza kidole, haikupoteza mwili mzima.

Hapa kwetu nimeona minara ya makanisa na misikiti vijijini imefungwa ncha ya shaba juu lakini waya umekatwa na wezi wa shaba katikati ya ukuta. Hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na ncha kabisa, na ninaomba kamati za ujenzi zilizomo humu zilitazame jambo hilo.

---

Bint Malindi:

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo suala la kumchonga Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwangu halina mjadala na sitalirefusha. Nimevutiwa zaidi na hoja ya Ndugu Dereva kwamba kitu hiki ni cha njia kabla ya kuwa cha kanisa, kwa sababu sisi wa Malindi tumeishi na kitu cha namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia tano.

Wareno walipofika kwetu mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, walisimamisha msalaba wa jiwe walilolichukua kwao Ureno na kulibeba merikebuni. Desturi yao ilikuwa kusimika mawe kama hayo kwenye fukwe walizofika, na jiwe lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumwonyesha baharia mahali alipo, na kumwambia yeyote apitaye kwamba watu wa dini fulani na mfalme fulani wamefika hapo. Msalaba huo mwanzoni ulisimama karibu na makazi ya Sultani, wenyeji wakauchukia, ukaondolewa, na baadaye ukasimamishwa kwenye rasi inayoingia baharini, mahali ulipo hadi leo juu ya nguzo nyeupe yenye umbo la pia. Nahodha angeuona akiwa mbali, na hakuhitaji kushuka.

Tukiwa wadogo tulipelekwa pale na shule. Hakuna mwanafunzi aliyeutazama msalaba kwa zaidi ya dakika moja. Sote tuliishia kutazama bahari na kununua mabuyu. Hata hivyo mtu yeyote wa Malindi ukimtaka akuchoree ramani ya mji, ataanza na nguzo. Kwa hiyo naafikiana nawe, ila nitakuongezea jambo moja: alama ya njiani huwa haimwambii msafiri njia tu. Inamwambia pia nani mwenye mahali. Nadhani hata hao wa Ohio hawakutumia fedha nyingi hivyo ili kupamba barabara.

---

Dereva wa Dayton:

Dada, hoja yako ni nzito, na inanisaidia kueleza kitu nilichokiona bila kukitafutia maneno. Kutokea njia namba 29 kuna maduka makubwa ya nguo za punguzo, kuna soko la mwisho wa juma liitwalo Traders World, na tangu mwaka 2013 kuna jumba la kamari lenye mashindano ya farasi. Kila mmoja wa hao ana bango lake refu, kwa kuwa wote wanagombea macho ya dereva mmoja kwa sekunde zilezile. Katikati ya mashindano hayo kanisa halikuandika bango kubwa kuliko wengine; liliweka mtu. Ni kweli kwamba ni njia ya kusema "nasi tupo hapa," na ni kweli pia kwamba wamewashinda wote, kwa sababu hakuna anayesimulia habari za mabango ya maduka ya nguo.

---

Mwanafunzi Poznań:

Naomba kuchangia kutoka Poland. Magharibi mwa nchi hii, kwenye mji mdogo wa Świebodzin ulio kati ya Poznań na mpaka wa Ujerumani, kuna sanamu ya Kristo Mfalme iliyokamilika Novemba 2010, miezi michache tu baada ya ile ya Ohio kuungua. Mwili una mita 33, zinazohesabiwa kuwa ni umri wa Yesu duniani, na juu yake kuna taji la rangi ya dhahabu la mita 3. Chini yake kuna kilima cha mawe na udongo cha zaidi ya mita 16. Ukijumlisha sanamu pamoja na taji lake, inaizidi ya Rio.

Aliyeianzisha alikuwa padri wa parokia, Sylwester Zawadzki, na fedha zilitoka kwa michango. Alifariki mwaka 2014, na moyo wake ukazikwa hapo chini ya sanamu, jambo lililoleta mabishano. Mwaka 2018 magazeti yakaonyesha picha zilizopigwa kutoka angani: ndani ya lile taji kulikuwa na antena za intaneti. Naomba Shemasi asiyasome haya akiwa amesimama.

Nimekwenda pale na wenzangu tukitokea Berlin. Sanamu unaiona kutoka mbali ukiwa barabarani, imesimama peke yake juu ya mashamba, na kwa mbali inatisha kwa uzuri. Ukifika, unakuta eneo la kuegesha magari, duka kubwa la vyakula upande wa pili, na zege lenye rangi nyeupe. Kwa hiyo yale aliyoyasema Dereva kuhusu kusogea karibu nayathibitisha. Nina jambo moja la kumpinga: pale Świebodzin niliwaona wazee waliofika kwa basi, wakazunguka kilima kile taratibu wakisali rozari, bila hata mmoja kupiga picha. Mahali palepale, kwa saa ileile, palikuwa na mahujaji na palikuwa na sisi. Sijui kama barabara ndiyo inayoamua, au ni mtu anayeshuka garini.

---

Dereva wa Dayton:

Hilo silipingi, kwa sababu huko kwenu ni Wakatoliki, na wao wana desturi ya kuizunguka sanamu kwa sala ambayo kanisa la Monroe halina. Ninachokiona ni kwamba desturi hiyo ilikuwepo kabla ya zege. Wazee wale wangeizunguka hata sanamu ya mita mbili. Ukubwa haukuongezwa kwa ajili yao. Uliongezwa kwa ajili yenu mliokuwa mnatokea Berlin.

---

Mhasibu Nakuru:

Mimi nina swali fupi tu la hesabu. Ile ya kwanza ya Ohio iliripotiwa kugharimu takriban dola laki mbili na nusu, ikadumu miaka sita isiyotimia. Je, hakuna aliyeuliza fedha hizo zingelisha wangapi?

---

Dereva wa Dayton:

Waliuliza, Mhasibu, na waliuliza kwa sauti kubwa zaidi ilipojengwa ya pili. Swali hilo ni halali, na mimi mwenyewe sina jibu la kulifunga. Naona tu kwamba huulizwa kwa sanamu kuliko linavyoulizwa kwa maeneo ya kuegesha magari, ambayo kwa makanisa makubwa ya huku hayajengwi kwa senti.

---

Mkaazi wa Tulsa:

Ndugu zangu, mkizungumzia sanamu za njiani Marekani msiiache ile ya Eureka Springs, Arkansas, iitwayo Kristo wa Ozarks, kwa sababu inaleta swali ambalo hamjaligusa, yaani nani aliyejenga na kwa nini.

Ilisimamishwa mwaka 1966 juu ya mlima, ikiwa na kimo cha mita 20 hivi, na mikono iliyotanuliwa upana unaokaribia kimo hicho. Mchongaji wake, Emmet Sullivan, aliwahi kufanya kazi kwenye mlima wa Rushmore wenye nyuso za marais, na kabla ya sanamu hii na baada yake alitengeneza dinosaria wa zege kule South Dakota, wakiwemo wale wa Rapid City na mmoja wa duka maarufu la njiani la Wall Drug. Kwa maneno mengine, mkono uleule uliomvutia dereva kwa dinosaria ndio uliomvutia kwa Kristo. Hoja ya Dereva hapo inasimama imara.

Sasa upande mwingine. Aliyelipia na kusimamia kazi hiyo ni Gerald L. K. Smith, mhubiri na mwanasiasa aliyejulikana nchi nzima kwa miaka mingi kwa chuki yake dhidi ya Wayahudi. Alipozeeka alihamia Eureka Springs, akaanzisha sanamu hiyo na, kuanzia mwaka 1968, igizo la mateso ya Yesu linalochezwa kwenye uwanja wa wazi. Yeye na mkewe wamezikwa karibu na miguu ya sanamu, ingawa kusema miguu ni kosa, kwa kuwa kanzu imeteremka hadi chini na miguu haionekani. Nilipokwenda na watoto wangu, watu walikuwa wakicheka na kula aiskrimu, na kaburi lile wengi walilipita bila kulisoma. Sikuwafahamisha watoto siku ile, niliwafahamisha tuliporudi nyumbani. Je, mgeni anapaswa kujua, au sanamu ikishasimama inaachana na aliyeijenga?

---

Bint Malindi:

Kwa Wareno sisi hatukuachana nao, ndugu yangu. Nguzo ipo, watalii wanakuja, na bado kila mwalimu aliyetupeleka pale alitueleza walichokifanya Mombasa na Kilwa baada ya hapo. Jiwe likibaki bila maelezo, anayefaidika ni aliyelisimika.

---

Mkaazi wa Tulsa:

Nimekuelewa, na nadhani ni hivyo. Kungekuwa na ubao mmoja pale kaburini unaosema ukweli wote kwa mistari mitano, ningekuwa na neno la kuwaonyesha watoto palepale.

---

Dereva wa Dayton:

Jambo la Tulsa linaonyesha mahali ambapo hoja yangu inafikia ukomo wake. Mtu anayepita kwa maili 65 kwa saa hawezi kusoma kaburi. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupitwa humpa aliyekijenga nafasi ya kuonekana bila kuulizwa, na hilo silioni kuwa jambo dogo.

Niongeze mfano mmoja wa jinsi barabara, na sheria zake, zinavyoumba vitu hivi. Huko Effingham, Illinois, mahali barabara za I-57 na I-70 zinapokutana, kuna msalaba mweupe wa futi 198. Ni idadi ya ajabu hadi ukumbuke kwamba nchini Marekani jengo likizidi futi 200 huingia kwenye taratibu za usalama wa ndege, pamoja na taa za kuwaka juu. Huko Groom, Texas, kando ya I-40, upo mwingine wa futi 190, uliosimamishwa mwaka 1995. Wajenzi wa makanisa ya zamani walipanda juu hadi fedha zilipokwisha. Hawa wanapanda hadi kwenye taa za ndege.

---

Mama Naivasha:

Mimi nawatazama mnavyoshindania mita, nacheka. Chini ya mteremko wa Mai Mahiu, kwenye ile barabara ya zamani ya kwenda Naivasha, kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakijenga barabara hiyo. Watu wachache tu wakiingia, limejaa. Madereva wa malori husimama pale, wengine kusali kabla ya kupanda mteremko, wengine kununua mahindi ya kuchoma, na wengi kwa yote mawili. Halionekani kutoka mbali, na usipolijua unalipita. Ndugu Dereva, hilo nalo utasema ni la barabara kwanza?

---

Dereva wa Dayton:

Mama, hilo ni la barabara kuliko yote tuliyoyataja, kwa kuwa lilijengwa na mikono ileile iliyojenga barabara. Tofauti yake ni kwamba lilijengwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Mteremko ule nimeupanda na lori kabla sijahamia huku, na nakumbuka kwamba pale dereva anasimama kwa hofu, wala si kwa udadisi. Breki zikiwa zimepata moto, hata asiye na dini huangalia upande wa kanisa. Hapa Ohio barabara ni tambarare.

---

Mgeni Columbus:

Naomba maelezo ya vitendo, kwa kuwa tunatarajia kupita huko na watoto mwezi ujao tukielekea Kentucky. Ni saa ngapi pazuri kufika, na kuna mahali pa kula?

---

Dereva wa Dayton:

Karibuni. Toka njia namba 29, fuata barabara namba 63 kuelekea mashariki, na utaiona sanamu kabla hujaanza kutafuta kibao. Sanamu inaelekea magharibi, barabarani, kwa hiyo jua la alasiri ndilo linaloupiga uso wake. Asubuhi utapata picha ya kivuli. Jumapili kabla ya adhuhuri eneo la magari ni la waumini, na si vizuri kwenda kupiga picha kwenye ibada ya watu. Chakula utakipata upande wa maduka, na kama watoto wako ni wadogo washike mkono muda wote, kwa sababu ukirudi nyuma kutafuta picha nzuri unakaribia magari kuliko unavyodhani. Kwa Mkaazi wa Tulsa na Mwanafunzi Poznań, mkiwa na picha za sanamu zenu zilizopigwa kutoka ndani ya gari, si kutoka chini yake, naomba mziweke hapa tuzilinganishe na yangu.